Mtoto Mgumu Likizoni: Punguza Safari Ilingane Naye

Ndugu wazazi, walezi, na nyote mliofika, karibuni.

Tuingie moja kwa moja kwenye mada. Likizo haimharibu mtoto. Humwondolea tu vitu vilivyokuwa vikimshikilia bila ninyi kuviona. Nyumbani anajua kitanda chake, saa ya kula, njia ya kwenda chooni gizani, nani humwamsha, na ni sauti ipi ya mama inayomaanisha kwamba mjadala umekwisha. Siku mnapofunga mlango na kuondoka, vyote hivyo vinabaki ndani ya nyumba. Kisha siku hiyohiyo mnamtaka akae kitini kwa muda wa saa sita, alale chumba kimoja na watu asiowazoea, ale kitu kigeni, na juu ya yote afurahi. Mtoto mwepesi atayumba kidogo halafu atazoea. Mtoto mgumu atalipuka, na mara nyingi mbele za watu.

Mwaka 1956, mjini New York, madaktari wawili wa akili, mke na mume, Stella Chess na Alexander Thomas, walianza kufuatilia watoto tangu wakiwa wachanga. Walitazama tabia tisa za asili: wingi wa pilikapilika za mwili, utaratibu wa njaa na usingizi, namna mtoto anavyopokea kitu kipya, wepesi wa kuzoea, ukali wa hisia, mwelekeo wa furaha au manung'uniko, unyeti kwa sauti na mwanga na mguso, urahisi wa kuvutwa mawazo, na ung'ang'anizi. Takriban asilimia 40 walikuwa wepesi, asilimia 15 walichelewa kuzoea, na asilimia 10 wakaitwa watoto wagumu: njaa na usingizi wao havina saa, kitu kipya wanakikataa kwanza, wanazoea polepole, na hisia zao ni kali. Waliobaki walikuwa mchanganyiko. Fundisho kubwa la utafiti ule ni kwamba matatizo mengi huzuka pale mazingira yanapodai kitu ambacho mtoto yule, kwa maumbile yake, hana bado.

Maumbile ya mtoto hamtayabadilisha ndani ya wiki moja. Safari mnaweza kuibadilisha. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na mengine yote ni utekelezaji.

Kabla hamjalipia chochote, ziandikeni zile tabia tisa kwenye karatasi na muulize ni tatu zipi humsumbua mtoto wenu zaidi. Mtoto mwenye masikio mepesi hatakiwi chumba kilicho juu ya ukumbi wa muziki. Anayechelewa kuzoea hatakiwi ratiba ya kulala mahali papya kila usiku. Mpeni kitanda kimoja kwa safari nzima, hata kama mtakosa kuona miji miwili. Asiyetulia anahitaji uwanja au ufukwe wa kukimbia kila siku, tena kabla ya jambo lolote la kukaa kimya. Kama ni safari yake ya kwanza na hajafika miaka sita, usiku mbili mpaka nne zinatosha. Wazazi wengi hupenda kurefusha safari ili gharama ya nauli "ilipe". Kwa mtoto huyu haitalipa.

Mkiwasiliana na mwenye nyumba au hoteli, ulizeni maswali ya kweli, siyo tu kama kuna bwawa. Je, pazia za chumba zinaziba mwanga kabisa? Madirisha yana kizuizi? Mlango wa nje unafungwa kwa juu, mahali ambapo mtoto hafiki? Bwawa lina uzio na lango linalojifunga lenyewe? Kuna jokofu na mahali pa kupashia chakula? Chumba kiko umbali gani kutoka kwenye lifti au barabara? Na kama mnaweza, tafuteni chumba chenye kona au ukuta wa kumtenga mtoto wakati wa kulala. Familia inayolala chumba kimoja kisicho na kizuizi hulala wote saa mbili usiku au haimlazi mtoto kabisa.

Ratiba ya mchana iwe na jambo kubwa moja tu kwa siku, lifanyike asubuhi, lisizidi saa mbili au tatu. Baada ya hapo chakula, mapumziko ndani kwa muda wa saa moja hadi mbili hata kama halali, kisha mchezo usio na ratiba. Mkiweka mambo makubwa mawili, la pili ndilo litakaloharibu siku, na mtaondoka mkiamini kwamba mtoto "hapendi" makumbusho, kumbe alichoka tu.

Sasa maandalizi. Carol Gray, mwalimu wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianzisha mbinu ya hadithi fupi zinazomweleza mtoto tukio kabla halijatokea. Ilibuniwa kwa ajili ya watoto wenye usonji, lakini humfaa mtoto yeyote anayeogopa kitu kipya. Chukueni karatasi tano au sita, kila moja picha moja na sentensi mbili: tutapanda gari asubuhi, tutakaa muda mrefu, nikichoka naweza kuomba maji; tutalala kwenye nyumba yenye kitanda cha bluu, baba atalala kitanda cha pili. Sentensi zieleze yatakayotokea na zitaje pia jambo moja lisilopendeza. Hadithi inayoahidi raha tupu huvunjika saa ya kwanza ya foleni. Isomeni kila jioni. Mtoto wa miaka mitatu apewe habari siku tatu au nne kabla, kwa kuwa wiki mbili kwake ni milele. Wa miaka saba afute siku kwenye kalenda.

Jaribuni vitu nyumbani. Kama atalala kwenye godoro la chini, alale hapo usiku mbili kabla ya safari. Kama atavaa vifunika masikio uwanjani, avizoee akiwa anacheza. Viatu vipya, begi jipya, dawa mpya, visianzie safarini. Na msitumie likizo kumwachisha mtoto nepi, chuchu bandia au ziwa. Mazoezi hayo yanataka mzazi aliyelala vizuri na choo kilicho karibu, na vyote viwili ni adimu barabarani.

Chungeni ahadi zinazotegemea hali ya hewa au mtu mwingine. "Kesho tutapanda mashua" mtoto huyu huihesabu kuwa kiapo. Semeni: "Kesho tukikuta bahari imetulia tutapanda mashua, ikichafuka tutacheza kwenye mchanga." Mkitaja njia mbili mapema, hakuna atakayehisi ameibiwa.

Begi la njiani likae miguuni, siyo kwenye buti. Chakula chepesi cha kutosha mara mbili ya muda wa safari mliokadiria; maji; nguo kamili za kubadili za mtoto na fulana moja ya mzazi, maana matapishi hayachagui; mifuko mitatu ya plastiki yenye kufungwa; vitambaa vyenye unyevu; dawa. Vitu vya kuchezea vinne hadi sita, vidogo, vingine visivyojulikana, vitolewe kimoja kimoja kila baada ya nusu saa au dakika arobaini na tano, siyo vyote kwa mpigo. Na foronya yake ya mto ambayo haijafuliwa. Harufu ya kwao humtuliza mtoto.

Kuhusu simu na vishikwambi, mimi simo katika kundi la wanaokataza kabisa. Safari ya muda wa saa nane siyo mahali pa kujenga maadili ya skrini. Lakini wekeni akiba: mkianza na skrini dakika ya kwanza, theluthi ya mwisho ya safari, ambayo ndiyo ngumu, hamtakuwa na kitu. Pakueni vipindi nyumbani, msitegemee mtandao. Makubaliano yawe kwa idadi ya vipindi, siyo dakika, ili mwisho uje wenyewe na wala hamkati hadithi katikati. Na skrini izimwe saa moja kabla ya kulala.

Gari lina tatizo lake. Mtoto anayelia na kugombana kila baada ya kona nyingi huenda anaumwa kichefuchefu na hajui kukisema. Sikio la ndani linamwambia anatembea, jicho lililo kwenye kitabu au skrini linamwambia ametulia, na ubongo unachanganyikiwa. Wa miaka miwili hadi kumi na miwili ndio huathirika zaidi. Dalili huanza mapema: kupiga miayo, kunyamaza ghafla, rangi kupauka, mate kujaa mdomoni. Hapo ondoa skrini, fungua dirisha, mwambie atazame mbali mbele, na simamisheni gari. Kiti chake, bila kuvunja kanuni za usalama za umri wake, kiwe mahali anapoweza kuona nje. Kabla ya kuondoka ale kidogo, chakula kisicho na mafuta mengi. Tumbo tupu kabisa nalo huleta kichefuchefu. Dawa zipo, nyingi humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya safari, lakini muulizeni daktari au mfamasia kwanza: baadhi yake huwafanya watoto wengine wachangamke kupita kiasi badala ya kusinzia, na hilo msilitake kuligundua barabarani.

Simameni kila baada ya saa mbili, dakika kumi na tano za kukimbia kweli, siyo za kusimama kwenye foleni ya duka. Ndugu wawili wanaochokozana wasikae bega kwa bega. Mzazi mmoja kukaa nyuma kati yao huokoa safari kuliko adhabu kumi.

Ndege nitaipitia haraka. Kilio kikubwa mara nyingi ni wakati wa kushuka, kwa sababu mrija unaounganisha sikio na koo ni mwembamba zaidi kwa mtoto na hewa haisawaziki upesi. Ndege huanza kushuka takriban nusu saa kabla ya kutua. Mwamsheni wakati huo, anyonye, anywe kwa mrija au atafune, mradi ameze mate mara kwa mara. Mkiruhusiwa kuingia mapema na mko wawili, mmoja aingie na mizigo, mwingine abaki nje akimkimbiza mtoto mpaka dakika za mwisho. Kuingia kwanza na mtoto asiyetulia ni kujiongezea nusu saa ya kifungo.

Mkifika, saa ya kwanza ndiyo inayoamua siku mbili zinazofuata, nami ningependa mnisikilize hapa kuliko mahali pengine. Kabla ya kufungua mizigo, mzazi mmoja amshike mtoto mkono na kumwonyesha vitu vinne kwa utaratibu: utalala hapa, choo kiko hapa na taa yake inawaka hivi, sisi tutakuwa pale, na hapa hutakiwi kupita bila mtu mzima. Tandikeni kitanda chake kwanza kabla ya vyenu, kwa shuka au foronya ya nyumbani. Alishwe ndani ya nusu saa, chakula anachokijua. Kisha atembezwe kuzunguka eneo lote hata kama jua linazama. Jioni hiyo msitembelee watu, msiende ufukweni, msialike mtu. Semeni sheria tatu tu, zilezile za nyumbani kwa maneno yaleyale. Sheria mpya kumi za mahali papya hakuna mtoto anayeweza kuzishika.

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na wa mchana. Wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji 11 hadi 14, wa 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12. Likizoni familia nyingi humpunguzia saa moja na nusu kila usiku, na siku ya tatu wanashangaa "amebadilika". Hajabadilika, deni la usingizi limefika saa nne na ushee. Ruhusuni kuchelewa kwa nusu saa, mara mbili kwa wiki labda, na msivuke hapo. Mkichelewa usiku, asubuhi iwe tupu. Mkivuka majira ya saa, mwelekeo wa mashariki ndio mgumu, kwa sababu mnamtaka alale kabla mwili haujawa tayari. Siku tatu kabla, sogezeni kulala na kuamka dakika kumi na tano hadi thelathini mapema kila siku, na mkifika mtoeni kwenye mwanga wa asubuhi. Kama tofauti ni saa moja au mbili na mnakaa siku tatu, msibadilishe kitu, endeleeni na saa za nyumbani.

Halafu kuna choo, jambo ambalo husahaulika likawa chanzo cha nusu ya ukorofi. Watoto wengi hujizuia haja kubwa mahali pageni. Siku ya pili tumbo linajaa, hamu ya kula inapungua, anakuwa mwepesi wa kulia, anaweza kujikojolea ilhali alishaacha. Kila baada ya kifungua kinywa na chakula cha jioni, akae chooni dakika tano hadi kumi, miguu ikiwa imekanyaga kitu, bila kufokewa, kwa kuwa tumbo husukuma lenyewe baada ya kula. Ongezeni maji na matunda. Choo kinachojisafisha chenyewe kwa kihisio huwatisha wengi; bandikeni kipande cha karatasi juu ya kihisio mpaka amalize. Mashine za kukaushia mikono nazo ni kelele tupu, mkausheni kwa kitambaa.

Hata mkifanya yote hayo, siku moja atajitupa chini. Tuzungumzie dakika hizo.

Zina mwanzo, na kila mtoto ana wake: mmoja huanza kuongea kwa sauti nyembamba, mwingine huanza kugusa kila kitu, mwingine huuliza swali moja mara tano. Hapo bado mnaweza kumwokoa. Mpeni maji, chakula, kivuli, au ondokeni mahali penye kelele kwa dakika kumi. Kama kuna kitu kinakwisha, toeni taarifa mara mbili, dakika kumi kabla na dakika mbili kabla, tena mmwambie kitakachofuata: "Kwanza tunavaa viatu, kisha tunakwenda kula." Agizo litolewe ukiwa umbali wa mkono, moja tu, kisha unyamaze na kuhesabu tano kimoyomoyo. Kupiga kelele kutoka upande wa pili wa bwawa siyo agizo, ni tangazo.

Akishalipuka, hasikii hoja. Kwanza angalia usalama: kama ni karibu na barabara, ngazi au maji, mnyanyue na umpeleke kando bila hotuba. Kaa chini, ubavuni mwake badala ya uso kwa uso. Sema maneno machache: "Umekasirika. Niko hapa." Nyamaza. Usimshike kama hajiumizi wala hamuumizi mtu. Watoto wengine mguso huwaongezea moto. Usiulize maswali, usiahidi kitu, usitishe. Kwa watoto wadogo hali hii aghalabu huisha ndani ya dakika chache. Hasira hupanda upesi mwanzoni kisha hushuka, na huzuni hubaki. Mtasikia kilio kikibadilika, kutoka ukelele kwenda kwikwi. Huo ndio wakati wa kumkumbatia na kumpa maji. Mkimkumbatia dakika moja mapema atawasukuma. Akitulia, rudini kwenye lile mlilokuwa mmelitaka, lakini kwa kipande kidogo: kama ilikuwa kuvaa viatu, wewe vaa kimoja, yeye kimoja. Mazungumzo ya kwa nini yasubiri jioni, na yasizidi dakika mbili.

Mkiwa wawili, gaweni kazi kabla ya safari: mmoja ni wa mtoto, mwingine ni wa watu, mizigo na ndugu zake. Wote wawili wakimwinamia mtoto, anapata hadhira na amri mbili zinazopingana. Anayeshughulika na watu awe na sentensi moja tayari: "Asanteni, atatulia." Hakuna haja ya kueleza maisha yenu kwa mtu wa meza ya jirani. Na tafadhalini, msimrekodi mtoto akiwa katika hali hiyo, hata kwa ajili ya kundi la familia.

Gerald Patterson, mtafiti wa Oregon, Marekani, alieleza mzunguko unaozitesa familia nyingi: mzazi anakataa, mtoto anapandisha sauti, mzazi anachoka na kukubali, kelele inakoma. Wote wawili wamelipwa. Mtoto amepata alichotaka, mzazi amepata utulivu. Kesho mtoto ataanzia pale alipoishia jana. Kukubali mara moja moja ndiko kunakokomaza tabia hii zaidi, kwa sababu humfundisha kwamba akidumu, ipo siku. Likizoni wazazi wamechoka, wanaona aibu na wana fedha kidogo za starehe mkononi, kwa hiyo mzunguko huu hustawi. Dawa yake ni rahisi kuisema: amua ndani ya sekunde tatu. Kama ni kitu ambacho hatimaye ungekubali, kubali alipoomba kwa upole mara ya kwanza. Kama ni hapana, iwe hapana hata akilia mpaka watu wageuke, na jueni kwamba siku ya kwanza ya msimamo huo kelele huongezeka kabla ya kupungua. Kwa hiyo chagueni hapana chache. Usalama, kupiga watu, na saa ya kulala. Mengine mengi yanaweza kupita.

Vitisho vikubwa havina faida. "Tutarudi nyumbani sasa hivi!" Hamtarudi, na anajua. Adhabu iwe ndogo, ya karibu, na mnayoweza kuitekeleza pale pale: umerusha mchanga usoni mwa mwenzako, unakaa nami kwenye taulo dakika tatu. Kumnyima safari ya kesho kwa kosa la leo ni kujinyima wenyewe, na kumwadhibu ndugu yake ambaye hakufanya kitu. Ile methali ya mtoto akililia wembe mpe, iacheni nyumbani. Mahali pageni penye maji na magari, funzo linaweza kuwa la mwisho.

Sifa nazo ziwe mahususi. "Umesubiri zamu yako kwenye bembea, nimeona" humpa kitu cha kurudia. "Umekuwa mtoto mzuri" haimwambii chochote.

Kuna wale mnaokwenda kwa jamaa au kusafiri nao. Shangazi atasema samaki mkunje angali mbichi, babu atampa pipi saa mbili usiku, na binamu watamcheka. Ongeeni nao kwa simu kabla ya kufika, kwa heshima, na muombe mambo mawili tu, siyo kumi: kwamba akilia waachie wazazi, na kwamba saa ya kulala iheshimiwe. Mpeni babu au shangazi kazi ya kweli, kama kumsimulia hadithi ya usiku. Mtu aliyepewa nafasi hukosoa kidogo. Na kama nyumba ni ndogo na watu ni wengi, kulala nyumba nyingine jirani siyo dharau. Elezeni mapema ili isionekane hivyo.

Ndugu wa mtoto huyu husahaulika sana. Kila mmoja apate walau nusu saa kwa siku na mzazi mmoja, bila yule mgumu kuwepo. Ikiwa mgumu hawezi kwenda mahali, asiwakoseshe wote: mmoja abaki naye, mwingine aende na wengine, kesho mbadilishane. Likizo siyo lazima muwe pamoja kila saa.

Usalama sasa, na hapa sina mzaha. Mtoto anayekimbia bila kutazama nyuma apigwe picha kila asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo. Namba ya simu ya mzazi iandikwe kwa kalamu kwenye mkono wake, upande wa ndani, na jina la mahali mnapolala. Afundishwe kusimama palepale akipotea. Akitoweka, mtu mmoja aende kwenye maji kwanza, kabla ya kutafuta chumbani, hasa mtoto mwenye usonji, kwa sababu wengi wao huvutwa na maji. Majini, asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wa mtu mzima. Maboya ya mikononi ni mchezo, siyo kinga. Kuzama mara nyingi hakuna kelele. Hatari kubwa iko pale watu wazima ni wengi na kila mmoja anadhani mwingine anatazama. Kwa hiyo kabidhianeni kwa maneno: "Yuko kwako." "Yuko kwangu." Asiyejibu hajapokea. Na mtoto asiachwe ndani ya gari peke yake, wala kwa adhabu wala kwa sababu amelala. Joto ndani ya gari lililo juani linaweza kupanda kwa nyuzi 11 za Selsiasi ndani ya dakika kumi, kufungua dirisha kidogo hakusaidii, na mwili wa mtoto hupata joto haraka mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima.

Kwa wenye watoto wanaotumia dawa za umakini: zibebeni mkononi, kwenye kopo lake la asili, pamoja na barua ya daktari, na muulize ubalozi wa nchi mnayokwenda. Japani, kwa mfano, hairuhusu kuingia na amfetamini, kiungo cha baadhi ya dawa hizo, hata ukiwa na cheti cha daktari. Dawa nyingi za aina hiyo hupunguza njaa, kwa hiyo mtoto ale vizuri kabla ya kumeza. Msizisimamishe kwa sababu ni likizo bila kuongea na aliyeziandika. Viwanja vingi vya ndege sasa vinatambua utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, uliozinduliwa kwenye uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, mwaka 2016 kwa watu wenye ulemavu usioonekana. Ukiuvaa, wafanyakazi wanajua kwamba mtoto huyu anahitaji muda na subira, bila ninyi kueleza kwa sauti mbele ya foleni.

Kijana wa miaka 13 na kuendelea ni habari nyingine. Ugumu wake ni kununa, kujifungia na kukataa kila pendekezo. Saa ya mwili wake imesogea mbele, anaweza kuchelewa kusinzia kwa muda wa hata saa mbili kuliko alipokuwa mdogo, na bado anahitaji saa 8 hadi 10. Msimwamshe alfajiri kila siku. Apange siku moja yeye mwenyewe, na bajeti mkononi. Awe na kona ya faragha. Kubalianeni kabla ya safari ni saa zipi simu inawekwa kando, ninyi wazazi mkiwemo, la sivyo msiseme kitu. Mambo mazito mwulizeni mkiwa mnatembea au mko garini, macho yenu yakiwa mbele. Vijana wengi huongea zaidi wasipotazamwa usoni.

Ni lini mkatishe safari? Mtoto akikosa usingizi usiku mbili mfululizo licha ya jitihada zote, akikataa kula na kunywa, akijiumiza au kuumiza wengine, au mzazi akiona mkono wake unakaribia kupiga. Pia msisahau kwamba mtoto aliyebadilika ghafla huenda ni mgonjwa: pimeni joto, angalieni masikio, koo, na mkojo kama una maumivu. Kurudi siku mbili mapema kwa utulivu ni uamuzi halali wa mtu mzima, mradi usitamkwe kama adhabu. Na kama milipuko hiyo ipo pia nyumbani na shuleni, mara kadhaa kwa siku, inadumu nusu saa na zaidi, au inaendelea kwa nguvu baada ya miaka mitano, tatizo si likizo. Mpelekeni akaonwe na daktari wa watoto au mtaalamu wa saikolojia ya watoto.

Rudini nyumbani siku moja au mbili kabla ya shule kufunguliwa, siyo usiku wa kuamkia. Siku ya kwanza apate chakula chake, kitanda chake, na asipangiwe mgeni. Mizigo inaweza kusubiri. Baada ya siku tatu hivi, kila mtu akiwa amelala, chukueni karatasi ileile ya tabia tisa, muandike ni saa ngapi za siku milipuko ilitokea na nini kilitangulia kila mmoja. Karibu kila mara mtakuta imejikusanya kwenye saa mbili au tatu zilezile, kwa kawaida alasiri au kabla ya kulala, na hizo ndizo saa mtakazoziacha wazi kwenye ratiba ya safari ijayo.

Asanteni. Sasa tuchukue maswali, tuanzie nyuma.